Gari la Silinda Sita na Darasa la Viziwi

Mwalimu mkuu aliponiomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kufundisha, ili walimu wapya wa kitengo chetu cha watoto viziwi wazisome, nilimjibu kwamba nitaandika kuhusu gari langu. Alidhani natania. Mambo ya vyeo na madaraja yamo kwenye jalada langu ofisini, na anayeyataka aombe ufunguo wa kabati, kama mchwa hawajayamaliza.

Nilifika Bukoba nikitokea kwetu Nshamba, wilaya ya Muleba, nikiwa kijana mwenye sauti kubwa. Chuoni walinisifu kwa sauti hiyo. Walisema naweza kufundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, mlango ukiwa wazi. Siku yangu ya kwanza niliingia darasani nikawasalimu watoto kwa nguvu zangu zote, na hakuna hata mmoja aliyegeuka. Wawili walikuwa wanagombania penseli, mmoja anachungulia kuku dirishani. Nikarudia salamu. Kuku ndiye aliyekimbia.

Mwalimu Leokadia, aliyekuwa mkuu wa kitengo, alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Alipita mbele, akapunga mkono mara moja, na nyuso zote zikamgeukia. Kisha akaniambia kwa upole, "Mwalimu Projestus, hiyo sauti iweke akiba. Utaitumia kanisani."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mwaka mzima, jioni baada ya vipindi, nilikwenda nyumbani kwake Ijuganyondo, tukakaa kibarazani tukimenya maharage, na ilikuwa marufuku kufungua mdomo. Nikitaka maji, niyaombe kwa alama. Nikitaka kuaga, niage kwa alama. Siku za mwanzo nilikuwa narudi nyumbani na kiu. Alinifundisha kwamba uso ni nusu ya lugha. Swali huulizwa kwa nyusi, na ukiuliza huku uso umelala, mtoto anaona unamwamuru. Alinifundisha pia kwamba viziwi hawahangaiki kulitaja jina lako lote kwa vidole, herufi kwa herufi. Wanakuangalia kwa muda, halafu wanakupa jina la alama, kutokana na kitu walichokiona kwako. La Mwalimu Leokadia lilikuwa miwani. La kwangu lilikuwa mkono unaofunguka kutoka mdomoni, kama mtu anayetapika. Nililibeba jina hilo miaka mingi.

Sasa gari. Nililinunua kwa mnunuzi wa kahawa aliyekuwa anahamia Mwanza. Lilikuwa gari dogo la Kijapani, la milango minne, rangi ya buluu iliyokolea, na lilipofika mikononi mwangu lilikuwa na umri mkubwa kuliko wanafunzi wangu wote. Ukiliona kwa nje ungesema ni gari la mzee wa kanisa. Chini ya boneti kulikuwa na silinda sita na turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa. Walimu wenzangu walikuwa na pikipiki na baiskeli, vyombo vya watu wenye akili. Mke wangu alilizunguka mara moja, akarudi ndani ya nyumba, akakaa siku mbili bila kunisemesha. Siku ya tatu aliniuliza kama lina kiti cha kubebea ndizi.

Wengi waliniuliza kwa nini nilinunua gari la namna ile, nami sikuwajibu. Nitawajibu ninyi. Mtu anayefanya kazi kutwa nzima katika ukimya, jioni anatamani kitu kinachonguruma.

Gari la aina hiyo, likishazeeka, linataka mwenye subira. Usilizime papo hapo baada ya safari. Liache lingurume taratibu dakika moja hivi, turbo ipoe, la sivyo oili inaungua humo ndani na utanikumbuka. Tumbo lake liko chini sana. Wiki ya kwanza tu niligonga jiwe kwenye njia ya Ijuganyondo, oili ikamwagika yote, na fundi wa kuchomelea akanitengenezea kinga ya bati nene ambayo ipo mpaka leo. Magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na matope ya Kagera hayana heshima kwa gari linalosukumwa kutoka nyuma. Mara mbili nilijikuta nimetazama nilikotoka. Lakini ukitoka Muhutwe ukaanza kupanda kwenda Kamachumu, ukaweka gia ya pili, ukakanyaga, kuna mahali turbo inaamka. Mgongo unabanwa kwenye kiti, migomba inapita pembeni kama inakimbilia Bukoba, na mwalimu wa watu anajikuta anacheka peke yake. Askari wa usalama barabarani alinisimamisha siku moja. Akatazama umri wa gari kwenye kadi, akatazama mvi zangu, akaniambia niende polepole, baba.

Ile dakika moja ya kupoza turbo ndiyo iliyobadilisha kazi yangu.

Kila asubuhi nilikuwa naegesha chini ya dirisha la darasa letu na kuliacha gari lingurume kabla ya kulizima. Watoto wakagundua. Mmoja aliweka kiganja juu ya boneti, akakitoa kama aliyeguswa na umeme, akakirudisha. Baada ya wiki moja wote walikuwa wananisubiri getini, wanakimbia pembeni ya gari, na likisimama wanalizunguka, viganja juu ya bati, macho wameyafumba. Nilisimama nikawatazama. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kuwaona wamefumba macho kwa raha. Kiziwi hafumbi macho ovyo, kwa sababu akiyafumba dunia yote inaondoka. Jina langu la alama lilibadilika mwezi huohuo. Likawa mikono miwili kwenye usukani, inatetemeka. Mwalimu Leokadia alisema nimepanda cheo.

Asimwe aliletwa akiwa na miaka minane. Baba yake, Ta Mutalemwa, yaani Bwana Mutalemwa kwa Kihaya, mkulima wa kahawa na ndizi kutoka Kamachumu, alishuka naye kwenye basi akiwa amebeba godoro kichwani. Mtoto alipoteza usikivu kwa homa ya uti wa mgongo alipokuwa na miaka minne, na maneno machache aliyokuwa anayajua yakapotea taratibu. Baba alijaza fomu kwa mwandiko mzuri, akasimama kidogo mbele ya binti yake, akamnyooshea kidole chini, maana yake kaa hapa, akaondoka. Mtoto alikaa hapo hapo mpaka tulipombeba.

Alitukataa wote. Muhula wa kwanza aliumalizia chini ya dawati. Nikimwonyesha alama, anageuza uso ukutani, na kwa kiziwi kugeuza uso ni kufunga mlango kwa ufunguo. Nilimwomba ushauri Mwalimu Leokadia, ambaye alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Alinijibu, "Mwache, lakini usimwache." Nilitumia muda kuelewa.

Asubuhi moja, watoto wenzake walipokuwa wamelizunguka gari, nilimwona anakuja nyuma yao. Hakuweka kiganja. Aliinama akalaza shavu na mkono mzima juu ya buti, akatulia. Nilipozima injini alilia, mara ya kwanza kumwona akilia. Nikaliwasha tena. Nikaliacha lingurume mpaka kengele ya kipindi ikapita, na petroli ile siijutii.

Kuanzia siku ile gari likawa kitabu chake. Neno la kwanza aliloandika si mama wala baba, ni TAIRI. La pili PLAGI. Nilimfundisha kuhesabu kwa nati za gurudumu na kujumlisha kwa silinda. Siku moja, alipokuwa ameshika boneti, nilichomoa waya wa plagi moja upande ambao haoni. Injini ikaanza kwenda kwa silinda tano. Uso wake ukakunjamana kama aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Alinyoosha vidole sita, akakunja kimoja, akanitazama kwa hasira. Niliurudisha waya haraka.

Tangu hapo hakukuwa na safari ya gereji bila yeye kuweka mkono kwanza. Mafundi wa mjini walimcheka mara ya kwanza. Alipowaambia kupitia kwangu kwamba beringi ya pampu ya maji inalegea, wakafungua kwa kumridhisha tu, wakaikuta inalegea. Hawakumcheka tena.

Alipofika darasa la saba, likizo ya Krismasi ikaisha na hakurudi. Wiki mbili zikapita. Niliandika barua, haikujibiwa. Jumamosi moja asubuhi nikalijaza gari mafuta nikaenda Kamachumu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mzazi mjeuri, na hotuba niliitunga tangu Kemondo. Ta Mutalemwa alinipokea vizuri, akanipa kiti na kahawa za kutafuna, akauliza hali ya nyumbani. Asimwe aliponiona alinikimbilia, akaniuliza mambo kumi kwa pamoja, kisha mama yake akamwita kwa kumgusa, wakaenda jikoni. Ndipo baba akanieleza kwamba hatarudi. Alisema hakatai shule, na kwamba anashukuru, binti sasa anaweza kuandika jina lake. Lakini amekuwa mkubwa. Akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Mwalimu, binti wa jirani yangu alivamiwa njiani akitoka kisimani," alisema. "Alipiga kelele, tukasikia, tukakimbia tukamkuta mzima. Huyu wangu, mtu akimjia kwa nyuma, atasikia nini? Na akilia kwa ile sauti yake, huko Bukoba nani atajua kwamba ni mtu anaomba msaada? Hapa namwona kwa macho yangu, waitu, ndugu yangu."

Hotuba yangu yote ikaisha. Niliitunga kwa ajili ya mjeuri, si kwa baba anayeogopa. Nilisema shule ina uzio na mlezi wa bweni. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mgeni ambaye hataki kumwaibisha. Mwishowe akasema ataongozana nami siku ileile hadi shuleni, amweleze mwalimu mkuu mwenyewe kwa adabu, asaini panapohitajika, achukue godoro na sanduku la mtoto arudi navyo.

Alivaa koti. Asimwe alimwona akivaa koti, akalitazama gari, akaingia ndani mbio. Alitoka amevaa sare ya shule, amechana nywele kwa maji, viatu amevifunga vizuri.

Ta Mutalemwa aliitazama ile sare muda mrefu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwambie, Mwalimu. Mimi siwezi." Hakuwa na maana kwamba inamuuma, ingawa ilimuuma. Alikuwa na maana kwamba hajui namna. Kati yake na binti yake kulikuwa na kidole tu: njoo, kaa, leta, acha. Nilimwambia nitamweleza njiani.

Tulipofika kwenye gari tukakuta tairi la nyuma, upande wa abiria, limekaa chini. Msumari. Nilitoa jeki, nikafungua, nikaweka tairi la akiba, na muda wote huo nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia yule mtoto. Nilishusha jeki, nikatupa spana kwenye buti, tukaondoka.

Alikaa mbele kando yangu, kwa sababu kiziwi anahitaji kuona uso wa anayeongea naye, na baba akakaa nyuma. Aliniuliza darasa limefika ukurasa gani. Aliniuliza nani anakalia dawati lake. Mikono yangu ilikuwa kwenye usukani, na nawaambieni ukweli, nilishukuru kwamba ilikuwa kwenye usukani. Katika miaka yangu yote ya kazi hiyo ndiyo siku pekee niliyofurahi kwamba sina mkono wa kuongelea.

Kabla ya mteremko wa kushukia Muhutwe, Asimwe aliacha kuuliza. Aliweka kiganja kwenye mlango. Kisha akavua kiatu akaweka unyayo wazi kwenye sakafu. Akanigusa.

"Gurudumu," alionyesha. "Nyuma yangu. Linagonga."

Nilitikisa kichwa, nikamwonyesha kwa mkono mmoja kwamba ni barabara. Mimi sikusikia kitu. Bomba la moshi la gari lile linaweza kuficha hata ngurumo ya radi.

"Barabara inapiga kutoka chini," alijibu. "Hii inapiga kutoka pembeni."

Baba akauliza anataka nini, mbona anamsumbua dereva. Nikamjibu kwamba anadhani gari lina tatizo. Baba akasema aachane na gari la watu. Mbele yetu barabara ilikuwa inaanza kuinama, kona ya kwanza inaonekana, na upande wa kushoto, zaidi ya vilele vya migomba, hakuna kitu. Asimwe akanishika kifundo cha mkono. Mtoto yule hakuwahi kunishika kwa nguvu. Nikasimama.

Nilizunguka nyuma. Nati za lile tairi ni tano. Moja haikuwepo kabisa. Mbili niliziondoa kwa vidole, kama kifuniko cha chupa. Mbili zilizobaki zilikuwa zimeshikilia kwa nyuzi chache tu za mwisho.

Naomba mlisome hili taratibu, hata kama hamtakuja kumiliki gari. Nati hukazwa mara mbili: mara ya kwanza gari likiwa juu ya jeki, mara ya pili likishakanyaga chini. Ile mara ya pili sikuifanya. Nililijua jambo hilo tangu nijue gari, na sikulifanya, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa kwenye maneno ya kumwambia mtoto. Haikuwa kosa la gari wala la barabara. Lilikuwa kosa langu, na lingetupeleka watatu kwenye ile migomba.

Nilikaa kwenye nyasi. Asimwe alichukua spana kwenye buti. Alikaza nati nne zilizobaki kwa kupishanisha, ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, kama nilivyomfundisha, kisha akarudia tena zote kwa uzito wa mwili wake. Sare yake ilichafuka magotini. Hakunitazama kwa kunilaumu. Alikuwa na kazi.

Ta Mutalemwa alisimama akimwangalia mpaka akamaliza. Akaniuliza amejuaje. Nikamweleza kuhusu kiganja, kuhusu unyayo, kuhusu boneti na zile asubuhi zote chini ya dirisha. Nikamwambia kwamba mimi mwenye masikio mawili sikusikia. Alikaa kwenye jiwe, akavua kofia.

"Nataka nimuulize kitu," alisema. "Sijawahi kumuuliza. Wanaulizaje?"

Nilifikiri sikumwelewa. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Tangu homa ile, miaka kumi na moja, alikuwa hajamuuliza mtoto wake swali hata moja, kwa sababu kidole hakiwezi kuuliza. Nilimwonyesha alama ya "wewe", ya "kutaka", na ya "nini". Nikamwambia anyanyue nyusi. Alinyanyua akafanana na mtu anayeumwa jino. Akajaribu tena. Nikamwambia inatosha, aende.

Alimgusa Asimwe begani, na mtoto akageuka akitegemea kidole. Baba akamuuliza, polepole, kwa mikono migumu ya mtu wa jembe: Wewe unataka nini?

Asimwe alinitazama mimi kwanza, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Nikamwelekeza kwa baba yake. Ndipo akaanza kujibu, na alijibu kwa muda mrefu. Baba hakuondoa macho kwenye mikono yake, ingawa hakuelewa hata alama moja. Alipomaliza nikamtafsiria.

Alisema anataka kumaliza shule, kisha ajifunze injini. Alisema anajua kwa nini yuko nyumbani, kwa sababu kila akienda kisimani anaona kivuli cha baba yake kikimfuata nyuma. Anajua baba anaogopa. Alisema, "Mwambie huwa natazama nyuso za watu wanaokuja mbele yangu. Wao wananionyesha kilicho nyuma yangu."

Ta Mutalemwa aliitazama tena mikono ya binti yake. Kisha akauliza, "Na hapo alipokuwa anagusa bega, halafu analaza kichwa? Alifanya hivyo mara nyingi."

"Hilo ni jina lako," nilimwambia. "Ndivyo anavyokuita shuleni. Wenzake wote wanakujua kwa jina hilo."

"Maana yake nini?"

Mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza, nilidhani ni koti au jembe. Nikamuuliza. Alisema ni siku aliyokuwa anaumwa, kichwa chake kiko begani kwa baba, wanashuka mlima, na sauti ya baba inaingia kupitia mfupa wa bega. Alisema hakumbuki sauti nyingine yoyote ila hiyo.

Baba yake aliitazama barabara tuliyokuwa tunataka kuishuka. Akaniambia kwamba siku ile hakukuwa na gari. Alimbeba kwa miguu kutoka nyumbani mpaka Muhutwe, na njia nzima alikuwa anamwita jina lake, asije akalala. Alijipangusa uso kwa kofia, akainuka, akaenda kukaa kwenye gari.

Niliendesha kushuka mlima ule taratibu kuliko nilivyowahi kuendesha. Shuleni Ta Mutalemwa alimwambia mwalimu mkuu kwamba amekuja kuona mtoto anapolala, kama kuna uzio. Alilikagua bweni lote, akashika komeo la kila dirisha, akaonana na mlezi, akalala kwangu Kibeta, akapanda basi kesho yake. Godoro hakulichukua.

Yaliyofuata ni kazi ya kawaida, na kazi ya kawaida ndiyo nyingi. Asimwe alimaliza, akaenda chuo cha ufundi. Wiki ya kwanza nilikaa naye darasani kumtafsiria, nikaelewa robo ya yale niliyotafsiri. Kuna mwalimu wake aliyesema kiziwi hawezi kutambua ubovu wa injini, naye Asimwe alikwenda tu akaweka mkono kwenye injini. Nimefundisha watoto wengi ambao mambo yao hayakwenda hivi. Wengine niliwafuata majumbani kwa gari hilohilo, nikaongea, nikanywa chai, nikarudi peke yangu. Wapo ninaowawaza mpaka leo. Mkimfuata mtoto na mkarudi bila yeye, nendeni tena. Mimi kwa baadhi yao sikwenda tena, na hilo ndilo ninalolijutia kuliko nati.

Nimestaafu sasa. Gari bado ninalo, limebadilishwa karibu kila kitu isipokuwa milango. Asimwe ana gereji yake kando ya barabara hapa Kibeta, chini ya bati tatu, na watu wa magari ya zamani wanatoka hadi Muleba kumfuata. Baba yake alimwachia kaka mtu kibanja cha Kamachumu, migomba na kahawa yote, akahamia kwa binti. Alama alijifunza kibarazani, jioni baada ya jioni, akiwa mzee, na mpaka leo anazifanya kwa mikono mizito kama anachimba, lakini hakosei sana.

Mwezi uliopita nilipeleka gari. Kulikuwa na mtikisiko nisioupenda nikikanyaga breki. Nilimkuta Asimwe anatoka chini ya gari la mteja mwingine, nikaanza kumweleza kwa mikono, kama tulivyozoea. Ta Mutalemwa aliinuka kwenye benchi, amevaa koti, akaja akasimama katikati yetu.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Hapa tuna utaratibu. Wateja wanaanzia kwangu."

Niliomba radhi. Nikakaa kwenye benchi, watu wawili wakiwa mbele yangu, nikawaona mmoja mmoja wakimweleza yeye, na yeye akimweleza binti yake, na binti akirekebisha hapa na pale alama aliyoikosea. Zamu yangu ilipofika aliniuliza gari linasumbuliwa na nini. Nikamweleza kwa mdomo, taratibu, neno kwa neno, ili asikose hata moja.